Kufunga mishahara ya mwaka: maswali munaniulizaka kila Desemba hapa Lubumbashi

Kila mwaka mvua ikisha kukamata Lubumbashi vizuri, simu yangu inaanza kulia asubuhi mpaka usiku, na maswali ni yale yale. Mimi ninafanyaka fishi za mshahara za kampuni ndogo ndogo: garaji, masomo ya binafsi, depo za unga, watu wa malori ya Kasumbalesa, sehemu zenye watu 5, 12, 40, si zile kampuni kubwa za madini zenye jengo zima la watu wa hesabu. Sasa nimeandika majibu hapa ili kila mtu asome kwa wakati wake. Mifano ya makuta (pesa) ni ya mwaka 2024 na bareme (jedwali la asilimia) ya IPR (kodi ya mshahara) ya mwaka ule. Wewe ukifunga mwaka wako, tumia bareme ya mwaka unaofunga, usikopi namba zangu hivi hivi.

Kufunga mishahara ya mwaka njo kufanya nini? Si kulipa Desemba tu basi?

Hapana. Kulipa Desemba ni kulipa Desemba. Kufunga mwaka ni kuchukua kila mfanyakazi, mmoja mmoja, na kuhakikisha miezi yake 12 inasema kitu kimoja mahali patatu: kwenye fishi alizopewa, kwenye deklarasio ulizopeleka DGI (ofisi ya kodi) na CNSS (kasha ya pensio), na kwenye makuta yaliyotoka kweli benki ao kwenye sanduku la makuta la kampuni. Fishi ikisema 900,000, deklarasio ikasema 600,000, benki ikasema 754,000, huko hujafunga kitu, umeficha shida tu na itatoka siku ingine, na mara nyingi inatokea juu ya mfanyakazi, si juu ya patroni. Mimi ninachora karatasi moja kwa kila mtu: mistari 12, kila mstari mshahara wa msingi, primu, lojema (makuta ya nyumba), CNSS, IPR, avansi (makuta aliyochukua mbele ya mshahara), alichopokea. Ukimaliza jumla ya chini inalingana ao hailingani, hakuna katikati.

Nianze lini?

Mwisho wa mwezi wa 11. Usingoje tarehe 20 Desemba, juu pale kila mtu anataka makuta, umeme unakatika, printa inagoma, na wewe mwenyewe kichwa kiko kwenye sikukuu. Mwezi wa 11 ukisha kulipwa, una miezi 11 imetulia, unaweza kuiangalia bila presha, halafu Desemba inaongezwa tu kama mstari wa mwisho.

Tarehe za kukumbuka: Kodi ya kazi (kitabu cha sheria ya kazi, si kodi ya kulipa) inataka mshahara ulipwe si zaidi ya siku 6 kisha mwezi kuisha. IPR na kotizasio (michango) za CNSS za Desemba zinapelekwa mpaka tarehe 15 Januari. Watu wengi wanasahau hiyo ya 15 juu wanahesabu kama Januari ni mwaka mpya kwa hiyo mambo ya zamani yameisha. Hayajaisha.

Tukate nini na nini kwenye mshahara?

Kwa mfanyakazi: CNSS asilimia 5 na IPR. Hayo mengine ni ya patroni, yasitoke mfukoni mwa mtu. CNSS jumla ni asilimia 18: 10 ni ya pensio (5 mfanyakazi, 5 patroni), 6.5 ya familia na 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazi, hizo mbili patroni peke yake. Kwa hiyo patroni analipa 13. Halafu kuko INPP (ya mafunzo ya kazi), asilimia 3 kama uko na watu mpaka 50, 2 kama ni 51 mpaka 300, 1 kama wanapita 300. Na kuko ONEM (ofisi ya ajira) pia. Nimeona fishi ambayo wamemkata mtu INPP. Ile ni kosa, rudisha makuta yake.

Tuchukue mtu mwenye 900,000 FC (franka za Kongo). CNSS yake 45,000. Inabaki 855,000, na IPR inahesabiwa juu ya hiyo, si juu ya 900,000, hapo njo wengi wanateleza. Kwa mwezi tranchi (kipande cha mapato) ya kwanza mpaka 162,000 ni asilimia 3, inatoa 4,860. Kisha kutoka 162,000 mpaka 1,800,000 ni asilimia 15, yeye ana 693,000 mule, inatoa 103,950. Jumla 108,810. Kupita 1,800,000 ni asilimia 30, kupita 3,600,000 ni asilimia 40, lakini kodi yote haiwezi kupita asilimia 30 ya mapato yanayokatwa.

Bibi na watoto wanapunguza kitu?

Ndiyo, asilimia 2 ya kodi kwa kila mtu unayemubeba, mpaka watu 9. Yule wa 900,000 akiwa na bibi na watoto 3, ni asilimia 8 ya 108,810, anapunguziwa 8,705 hivi kwa mwezi, IPR inabaki 100,105 na anapokea 754,895. Unaona ni ndogo, lakini kwa mwaka inapita 104,000, na kwa mama wa Katuba ile ni magunia ya makala (mkaa). Shida ni kwamba patroni hawezi kuhesabu mtoto asiyemjua. Mwezi wa 11 mimi ninaitisha karatasi: akti ya ndoa, akti za kuzaliwa. Kila mwaka kuko mtoto aliyezaliwa na hakuna aliyeandika.

Trezieme ni lazima?

Sheria yenyewe haisemi kila patroni alipe mwezi wa 13. Inatoka kwenye kontra, kwenye konvasio kolektivu (mapatano ya patroni na wafanyakazi), ao kwenye mazoea ya kampuni. Kama umelipa kila Desemba miaka na miaka bila kukosa, usiamke mwaka huu useme "ilikuwa zawadi tu", watu walishaiweka kwenye hesabu zao za masomo ya watoto na inspekta wa kazi atakuuliza maswali. Kama kweli makuta hakuna, ita delege wa wafanyakazi mbele ya wakati, fungua vitabu, zungumza. Watu wa hapa wanaelewa mwaka mbaya, wanachokataa ni kujua tarehe 23.

Na nani anapata? Aliyeingia Julai anapata nusu, 6 kwa 12, isipokuwa kontra inasema vingine.

Trezieme inakatwa CNSS na IPR ao inatoka nzima?

Inakatwa. Kodi ya kazi ya 2002 inataja wazi kwamba gratifikasio na mwezi wa nyongeza ni sehemu ya mshahara. Kumpa mtu kwenye bahasha chini ya meza hakubadilishi kitu, kunamuondolea tu pensio yake.

Lakini hapa kuko jambo ambalo ninaomba musome polepole juu linagusa makuta ya watu. Bareme ya IPR kwenye sheria imeandikwa kwa mwaka: asilimia 3 mpaka 1,944,000, 15 mpaka 21,600,000, 30 mpaka 43,200,000, kisha 40. Zile tranchi za mwezi ni hizo hizo zimegawanywa kwa 12. Sasa ukiweka mshahara wa Desemba na trezieme pamoja kwenye mwezi mmoja, mtu anaruka tranchi bila sababu.

Chukua mtu ambaye kisha CNSS anabaki na 1,500,000 kila mwezi (tuache watoto pembeni kwanza). Miezi 11 IPR yake ni 205,560 kila mwezi, jumla 2,261,160. Desemba anapata 3,000,000: programu inamkata 4,860, kisha 245,700, kisha 360,000 kwenye ile ya asilimia 30, jumla 610,560. Mwaka mzima amelipa 2,871,720. Haya sasa hesabu kwa mwaka: mara 13 ni 19,500,000, hajafika hata 21,600,000, hajagusa asilimia 30 hata siku moja. IPR yake ya mwaka ni 58,320 na 2,633,400, jumla 2,691,720. Tofauti ni 180,000 FC. Zimekatwa bure, sababu mtu alibonyeza kitufe kwenye Excel.

Kwa hiyo Desemba usihesabu mwezi, hesabu mwaka, toa kilichokatwa miezi 11, kinachobaki njo IPR ya Desemba. Chora hesabu ile kwenye karatasi, iweke kwenye farde (faili) pamoja na deklarasio, ili siku ya kontrole uonyeshe ilitoka wapi. Yule wa 900,000 wala hasumbuki, hata ukiweka pamoja anabaki chini ya 1,800,000, namba zinatoka sawa. Wanaoumia ni wa katikati: shefu wa garaji, prefe wa masomo, kontable mwenyewe.

Lojema na transporti zinaingia?

Kodi ya kazi inaziweka nje ya mshahara, pamoja na matibabu na alokasio za familia za sheria. Lojema haikatwi IPR kama haipiti asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Nimeona kampuni inalipa mtu msingi 200,000 na "lojema" 500,000. Inaonekana akili lakini ni kumwibia mtu uzee wake, juu CNSS yake inahesabiwa kwa 200,000 miaka yote.

Kontra iko kwa dola, tunalipa kwa franka, tutumie to (bei ya kubadilisha dola) gani?

Deklarasio zinatoka kwa franka, kwa to ya Banki Kuu, si ya kambisti wa barabarani. Chagua siku moja ya mwezi, iandike, na usiibadilishe kila ukiona faida. Andika to kwenye fishi, kila mwezi. Mwaka 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola na watu wenye kontra ya dola wakajikuta na franka chache kuliko walivyozoea, maneno yakaanza, na penye fishi zilikuwa na to na tarehe maneno yaliisha kwa dakika 5. Penye hazikuwa nayo watu walifikiri wameibiwa. Ukifunga mwaka, usichukue jumla ya dola ukaizidisha mara moja kwa to ya Desemba. Kila mwezi na to yake.

Konje (likizo) ambazo watu hawakuchukua, tunazilipa ziishe?

Mtu akiwa bado kazini konje hainunuliwi. Anaenda kupumzika, njo sababu ya konje. Sheria inampa siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima (mtoto chini ya miaka 18 siku 1 na nusu), na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 ndani ya kampuni ile ile. Kwa hiyo mwaka ni siku 12 za kazi, mwenye miaka 10 ana 14. Kinacholipwa kwa makuta ni konje ya mtu anayeondoka kabisa.

Mwisho wa mwaka kazi yako ni kuandika zinabaki ngapi kwa kila mtu, mtu asaini, na kwenye vitabu uweke deni lile. Wa 900,000 mwenye siku 8: 900,000 gawanya kwa 26, mara 8, ni 276,923 FC. Hayo makuta hujayalipa lakini ni ya mtu tayari.

Avansi za sikukuu?

Toa, lakini andika. Bon yenye tarehe, kiasi, sinyatire, na kulipwa kwa mara ngapi. Mambo ya "tata patroni nisaidie kidogo mpaka mwisho wa mwezi" kwa WhatsApp yanaleta vita Januari, mmoja anakumbuka 50,000 mwingine 80,000. Avansi haipunguzi CNSS wala IPR, inatoka kwenye kile mtu anapokea tu. Tarehe 31 Desemba avansi zote ambazo hazijarudi ziwe kwenye listi moja.

Walinzi na madereva waliofanya kazi Noeli?

Tarehe 25 Desemba ni feriye (sikukuu ya sheria), saa zake zinalipwa na asilimia 100 juu. Tarehe 1 na 4 Januari pia, lakini hizo ni za mwaka mpya, usizivute huku. Saa za nyongeza za kawaida, kupita 45 kwa juma, ni asilimia 30 kwa zile 6 za kwanza na 60 kwa zinazofuata. Omba kaye (daftari) ya walinzi mbele ya kufunga, walinzi njo watu wanaosahaulika kuliko wote.

Wale waliotoka katikati ya mwaka nao tuwahesabu?

Ndiyo! Jumla ya mwaka ni ya watu wote waliopita, hata yule wa miezi 2. Kila mmoja awe na dekonte finali (siku alizofanya, konje iliyobaki, sehemu ya trezieme kama kontra inampa, avansi alizobeba) na cheti cha kazi. Sheria inataka alipwe ndani ya siku 2 za kazi kisha kontra kuvunjika, kwa hiyo kama Desemba mtu aliyetoka mwezi wa 6 bado anakudai dekonte yake, uko nyuma tayari, maliza leo.

Nimeangalia nimeona kuko miezi tulikata watu CNSS lakini hatukupeleka. Nifanye nini?

Hili swali ninalipata kila mwaka, na watu wanauliza kwa sauti ya chini. Ninaanza na kitu nilichoona.

Kuko mzee mmoja, mekanisia, alikuja kwangu na mufuko wa plastiki. Ndani fishi za miaka, zingine panya zimekula pembeni, zote zimepangwa na kufungwa na kamba. Alifika miaka 60, akaenda kudai pensio yake, wakamwambia miezi yake haitoshi. Yeye alikuwa na fishi, na kila fishi inaonyesha amekatwa. Tulikaa siku mbili tukilinganisha mwezi kwa mwezi, na mashimo yalionekana wazi: karibu kila Desemba, na miezi mingine ya katikati penye patroni wake wa zamani alikuwa na shida ya makuta. Kampuni ile ilishafungwa, patroni alishahama. Mzee hakupiga kelele, aliniuliza tu: "Mwanangu, hii mistari walikata, ilienda wapi?" Mimi ninaifanya hii kazi tangu zamani na sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile Desemba ninaiangalia mara mbili. Asilimia 5 uliyokata si makuta yako. Hata kama mlango wa depo umefungwa na wateja hawajalipa, ile ni ya mtu, wewe ulikuwa unaibeba tu mkononi.

Basi fanya hivi. Andika listi ya miezi yote yenye shimo, na majina. Peleka deklarasio zile hata kama huna makuta yote leo, juu kukosa kutangaza na kukosa kulipa ni makosa mawili, usiyabebe yote. Nenda CNSS mwenyewe mbele ya kontrole kuja, uombe kulipa kwa vipande, watu wanaokuja wenyewe wanasikilizwa vizuri kuliko wanaokamatwa. Na angalia namba ya afiliasio ya kila mtu na jina lake kwa herufi, nimeona makuta yaliyolipwa kweli lakini kwa "Kabwe" mwingine.

Kwenye vitabu tuandike vipi?

Kwa wenye kufuata SYSCOHADA, kanuni za hesabu za OHADA, umoja wa sheria za biashara Afrika (Kongo iko ndani yake tangu 2012): mishahara iko kwenye konti 66, deni kwa wafanyakazi 422, avansi 421, CNSS na wenzake 43, IPR 447, konje na mambo mengine ya kulipa baadaye 428. Tarehe 31 Desemba, 43 na 447 zibaki tu na kile cha Desemba kinachongoja tarehe 15 Januari. Ukikuta zaidi, kuko mwezi haukulipwa ao uliandikwa vibaya, rudi nyuma tafuta. Mimi hii njo kontrole yangu ya kwanza kabisa nikiingia kwenye kampuni mpya. Vitabu na makaratasi yake yanabebwa miaka 10.

SMIG ya Januari je?

Kabla ya kufunga farde, pitisha jicho kwa wa mshahara wa chini. SMIG (mshahara wa chini kabisa wa sheria) ilikaa 7,075 FC kwa siku tangu 2018, dekre ya Mei 2025 ikaipandisha 14,500, na 21,500 kutoka Januari 2026. Kwa siku 26 hiyo ya mwisho ni 559,000 kwa mwezi. Usifungue fishi za Januari kwa kukopi za Desemba tu.

Tuko na Mzambia mmoja na Muhindi mmoja, kuko kitu zaidi?

Juu ya expatriye (mfanyakazi mgeni) patroni analipa IERE, kodi juu ya mishahara ya wageni, asilimia 25 (kampuni za madini zina nusu yake, 12.5, kwa miaka 10 ya kwanza ya projé). Ni ya patroni, haikatwi kwa mtu. Mengine yote sawa na wengine.

Mimi ni mfanyakazi, si patroni. Niombe nini Desemba?

Fishi zako 12, na ya trezieme kama ulipata. Sheria inasema kila malipo yaje na karatasi yenye hesabu, kwa hiyo huombi upendeleo. Angalia vitu vinne: namba yako ya CNSS iko pale, watoto wako wamehesabiwa wote, asilimia 5 imekatwa juu ya mshahara wako wa kweli, na konje zilizobaki ni zile unazojua. Kisha peleka namba yako CNSS uulize miezi yako imeingia mpaka wapi, kila mwaka, si ukifika miaka 60. Piga picha za fishi na simu, utume kwa mtu wa nyumbani ili simu ikiibiwa zibaki. Za karatasi weka penye panya hazifiki.